Chumba cha Mkeka Mmoja

Stesheni ya Ambinanikely
22 Agosti 1988

Onja shoga yangu,

...na hiyo kengele sasa, ambayo sikumaliza kukusimulia siku ile ya arusi kwa sababu basi lilikuwa linaondoka na mama alikuwa ananing'ang'ania shingoni! Kengele ya stesheni hupigwa mara moja treni ikitoka stesheni ya jirani, na mara tatu ikiwa inaingia. Mara mbili haina maana yoyote katika kitabu cha reli. Basi Tolotra ameifanya yangu. Akiigonga mara mbili, maana yake mkewe atoke barazani amwone. Jana aliigonga hivyo mara sita! Wauza ndizi wakacheka mpaka Mama Soza, mkubwa wao, akaja kunishitakia: "We binti, mwambie mumeo asituchanganye. Nimebeba mikungu mitatu kichwani nikidhani treni imekuja, kumbe anataka busu."

Onja, nina furaha mpaka naona aibu. Asubuhi ukungu ukiwa bado umefunika mibuni, anavaa kofia yake nyekundu ya mkuu wa stesheni, ananiuliza imekaa sawa, na mimi nasema haijakaa sawa hata kama imekaa, ili niirekebishe. Tunakunywa maji ya ukoko wa wali kutoka kikombe kimoja, na kabatini vipo kumi na viwili. Nyumba yenyewe ungeiona ungezimia, wewe na rula zako. Mafundi wa reli waliifuatisha njia ya treni, hawakujali jua linatokea wapi, kwa hiyo imekaa upande kama kofia ya mlevi. Usiku wa kwanza Tolotra aliniambia chumvi iko kaskazini ya sufuria, tulivyozoea kuelekezana, nikaipapasa pote nisiione. Katikati ya sakafu tumetandika mkeka aliotusukia Bi Raivo, mteja wetu mgumu. Kila anayeingia anauliza nani kausuka.

Akija ofisini msalimie. Mwambie mwanawe mwenye shingo ya bata, yaani mimi, hajambo.

Na wewe nitunzie meza yangu ya dirishani. Wiki tatu si kitu.

Wako mwenye kuchekacheka ovyo,
Harivelo


Ofisi ya Ramani, Isoraka
Antananarivo
30 Agosti 1988

Mke wa Stesheni,

Barua yako ilifika ikinuka kahawa na mapenzi. Nimeisoma kwa sauti ofisini, ile sehemu ya kengele tu, usiogope. Sasa bosi Mzee Rula akigonga kikombe kwa kijiko mara mbili, wachoraji wote wanamwambia, "Mzee, mke hayupo hapa." Amekasirika. Alicheka kwanza, halafu akakasirika.

Wewe lala na ukungu wako. Mimi nimeachiwa Bi Raivo.

Alikuja Jumanne iliyopita na mwavuli wake na yule shemeji yake, Ratsimba, mkubwa wa ukoo wa marehemu mumewe. Unamjua, ardhi ni ya ukoo, bila kauli yake hapawekwi hata tofali moja. Alikula vitumbua vyetu vyote. Bi Raivo alitazama mchoro wa saba wa nyumba yake akasema, "Huu umelala kichwa chini." Nikamwambia, mama, kaskazini iko juu ya karatasi, kama kawaida. Akasema, "Juu ya karatasi iko dari. Kaskazini iko kule." Ikabidi watu wanne tuinue meza ya kuchorea tuizungushe mpaka kaskazini ya mchoro ielekee kaskazini ya dunia. Wino ulimwagika kwenye ramani ya shule ya watu wengine. Halafu akasema paa linafanana na kuku anayetaga.

Yote hayo ningeyavumilia. Shida ni kile chumba cha kona ya kaskazini mashariki. Mzee Rula anataka ngazi zipite pale. Bi Raivo hataki. Chumba hakitoshi kitanda, hakitoshi meza, hakina hata dirisha. Mzee akamuuliza, ni stoo? "Si stoo." Ni cha sala? "Sala kasalie kwenu." Basi ni cha nini, mama? "Ni chumba."

Walipoondoka Mzee aliniita. Bi Raivo asipotia sahihi kabla ya tarehe kumi na tano, mteja ataondoka, na mimi niondoke naye nikamshikie mwavuli. Ndivyo alivyosema. Unajua nyumbani kwetu nani anafanya kazi: mimi, basi.

Wewe ulifanyaje? Kwako alikuwa anacheka. Nilimsikia kwa masikio haya. Kwangu anakohoa tu.

Unarudi tarehe kumi na mbili. Nimeweka alama kwenye kalenda. Lakini nisaidie kabla ya hapo.

Onja


Stesheni ya Ambinanikely
4 Septemba 1988

Onja wangu, Onja roho yangu,

Pole, pole na pole tena! Nimecheka nikalia. Nimemsomea Tolotra ile ya kuku anayetaga, akaangusha bendera ya kijani relini.

Sikiliza. Meza izungushe kabla hajafika, asikukute unaizungusha. Kabla ya mchoro mpe maji ya ukoko, yawe ya moto. Atakunywa, kisha atakutukana. Usilijibu tusi, Onja, hiyo ndiyo salamu yake! Siku ya kwanza aliniambia nina shingo ya bata. Nikamwambia asante mama, hata mama yangu anayo. Ndipo akacheka. Tena usimuulize anataka nini, watu wa aina yake huliona swali hilo kama la polisi. Muulize amelalaje. Muulize mkeka anaousuka sasa umefika wapi. Na usimwambie haiwezekani. Mwambie tutaiangalia, halafu kweli uiangalie.

Wateja wagumu, shoga, nimewafikiria sana huku, nikiwa nimekaa barazani nangoja kengele yangu. Naona wengi wao wana kitu kimoja tu wasichoweza kukisema, na ugumu wote ni ukuta wa kukizungushia.

Sasa nikuambie jambo, na ulimeze lisitoke.

Mwezi wa tano tulikwenda kupima kiwanja chake. Mzee Rula alishuka barabarani kugombana na wabeba mawe, nikabaki na Bi Raivo na utepe. Akaingia kwenye nyumba yake kuukuu, akatoka na kifurushi cha hariri ya kahawia, ile ya kuzikia. Akakifungua majanini. Ndani mlikuwa na mkeka na mto. Akasema, "Wacha utepe wako. Pima hii. Chumba kiwe sawa na mkeka huu, ongeza upana wa kiganja kila upande."

Ni vya mwanawe, Fidy. Siku walipomfukua babu yao kumvika sanda mpya kwa desturi, Fidy alikuwa kijana, kaonja pombe kidogo, akasema mbele ya wazee wote, "Mifupa ni mifupa tu, iacheni ilale." Ratsimba akasimama palepale akamtoa kwenye kaburi la ukoo. Kwa mdomo, mbele ya watu: asizikwe humo kamwe. Miezi minne baadaye ile meli ya mizigo aliyokuwa akifanyia kazi ilitoka Toamasina haikufika inakokwenda. Wenzake wote makwao walizikiwa mkeka na mto mahali pa maiti. Kwake yeye, Ratsimba alisimama mlangoni pa kaburi, mto usiingie. Miaka kumi na moja sasa Bi Raivo anauficha nyuma ya mtungi wa mpunga. Mto bado una bonde dogo pale kichwa kilipokuwa kikilala, Onja. Nililigusa.

Kwa hiyo anamjengea mwanawe mahali kwenye kaskazini mashariki, kona ya wazee waliokufa. Ratsimba akijua, hakuna nyumba, na sijui hicho kifurushi kitatupwa wapi.

Niliapa kwa kaburi la bibi yangu kwamba sitamwambia mtu. Lakini wewe si mtu, wewe ni mimi! Na siku hizi, nikuambie kweli, siwezi kuweka kitu moyoni. Tolotra amenifungua kama dirisha. Naona dunia yote ina huruma. Ukilijua hili utamwonea huruma, naye ataiona usoni mwako, atakuamini.

Ngazi ziwekeni kusini. Zinatosha! Nimezichora nyuma ya karatasi hii, ni ratiba ya treni ya mwaka jana. Daraja kumi na saba, geuza uzione.

Kengele! Mbili! Naenda.

Harivelo wako


Ofisi ya Ramani, Isoraka
14 Septemba 1988

Harivelo,

Bi Raivo ametia sahihi jana. Ngazi zimekaa kaskazini mashariki kama Mzee alivyotaka. Msingi utachimbwa tarehe mosi Novemba, mtazama siku wao kasema ni siku njema.

Mzee ameridhika. Kazi ninayo.

Meza ya dirishani nimeihamia mimi. Asubuhi ina jua zuri.

Hongera tena kwa ndoa.

Onja Rasoamiadana


Stesheni ya Ambinanikely
19 Septemba 1988

Onja,

Tangu lini unaniandikia jina la baba yako?

Nimefurahi una kazi, nimefurahi mno, nilirukaruka jikoni. Halafu nikakaa. Ametia sahihi vipi? Bi Raivo hawezi kukubali ngazi pale. Watu watapanda na kushuka na viatu juu ya... unajua juu ya nini. Labda umemsikia vibaya. Labda ametaka chumba kihamie pembeni? Mchoro wangu haukufaa? Zile daraja kumi na saba nilizipigia hesabu mara tatu.

Niandikie upesi. Treni ya Jumatano inabeba barua. Tolotra anasema nimeanza kutoka barazani kabla ya kengele.

Na kuhusu tarehe kumi na mbili, nilitaka kukueleza ana kwa ana. Nitakueleza.

Harivelo


Ilafy
23 Septemba 1988

Kwa mke wa mkuu wa stesheni,

Uliniachia anwani yako siku ya arusi ukasema, mama, niandikie ukiwa na la kusema. Ninalo.

Tarehe kumi na tatu niliitwa ofisini kwenu. Rafiki yako alikuwa amezungusha meza. Akanipa maji ya ukoko ya moto. Akaniuliza mkeka wangu umefika wapi. Nikasema moyoni, huyu naye wamemfundisha vizuri. Nikamtukana kidogo, hakujibu. Nikaanza kumpenda.

Halafu bosi wenu akaja na shemeji yangu Ratsimba. Bosi akakunja mikono, akaniambia kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "Mama, tumeelewa sasa. Lakini vitu vya marehemu vinaweza kukaa popote, hata kwenye sanduku. Ngazi haziwezi kukaa popote."

Ratsimba alikuwa na kitumbua mdomoni. Akakiweka chini. Akasema, "Vitu vya marehemu yupi?"

Rafiki yako alitazama dirishani. Nikaomba kalamu nikatia sahihi, maana nilitaka kutoka mle ndani. Sikusoma nilichotia sahihi.

Siku ya pili Ratsimba alikuja na vijana wa ukoo, wakahamisha mtungi wa mpunga. Hawakukigusa kifurushi, wanakiogopa. Amesema siku ya kuchimba msingi kisiwe ndani ya ua. Nikipeleke ninakotaka. Ninakotaka ni wapi, mwanamke wewe? Dada zangu wote wako kwenye makaburi ya waume zao.

Miaka kumi na moja sikumwambia padri, sikumwambia dada yangu aliyekuwa anakufa. Nilikuambia wewe, kwa sababu ulipima mkeka ukiwa umepiga magoti. Hakuna aliyekuambia upige magoti. Nikaona huyu ana adabu ambayo haikufundishwa.

Mkeka niliowapa usinirudishie. Nilimsukia mtu niliyedhani wewe ndiye.

Raivo


Stesheni ya Ambinanikely
27 Septemba 1988

Onja,

Nimepata barua ya Bi Raivo.

Uliyatumia maneno yangu yote. Meza, maji ya ukoko, mkeka umefika wapi. Uliyapanga mojamoja kama vyombo vya arusi, ukamkalisha, ukamwita yule mzee aje amchinje. Mbele ya Ratsimba! Na mchoro wangu je? Ulikuwa mkononi mwako, Onja. Ngazi kusini, daraja kumi na saba, kila mtu angepata chake. Hukuutumia kwa nini?

Tulilala kitanda kimoja bwenini miaka mitatu. Ulinisuka nywele asubuhi ya arusi, ukalia machozi yako yakanidondokea masikioni. Nilidhani unalia kwa sababu unanipenda.

Tolotra ananiuliza nina nini nasema kichwa. Jana aligonga mara mbili, akagonga tena mara mbili, sikutoka. Mama Soza akaja kuchungulia dirishani: "We, treni yako imefika." Nikamfungia dirisha. Sijawahi kumfungia mtu dirisha.

Nijibu. Hata kama ni kunitukana, nijibu.

Harivelo


Isoraka
3 Oktoba 1988

Harivelo,

Umetaka jibu, chukua.

Mchoro wako nilimpelekea Mzee. Nilijivuna nao. Akautazama muda mrefu, akasema, "Huu ni mkono wa nani?" Nikasema wa Harivelo, na akirudi tarehe kumi na mbili ataumalizia mwenyewe. Akacheka. Akafungua droo akanipa barua. Ilikuwa ya kwako, ya kuacha kazi. Ya tarehe ishirini Agosti.

Ishirini, Harivelo. Tarehe ishirini na mbili ukaniandikia mimi, nitunzie meza yangu ya dirishani. Nilikuwa naipangusa vumbi kila asubuhi. Wachoraji walikuwa wananicheka na mimi nawaambia ngojeni mwenzangu arudi. Kumbe Mzee anajua, mhasibu anajua, hata yule mama wa vitumbua anajua, kwa sababu ulimuaga. Mimi hukuniaga.

Nimesimama pale na barua yako mkononi, Mzee akaniuliza, "Basi wewe uliyebaki, unajua huyu bibi ana nini na hiyo kona?" Nikamwambia. Sikupanga. Nilitaka tu kwa mara moja niwe ninajua kitu ofisini pale kabla ya wengine. Nikamwomba asiseme mbele ya Ratsimba. Aliniahidi. Meza na maji ya ukoko nilivifanya kwa moyo safi, nilidhani atamwambia faraghani, nami nitamshika mkono yule mama. Mlango ulipofunguliwa nikamwona Ratsimba, nikatazama dirishani. Hiyo ni kweli, nilitazama dirishani.

Lakini usiniandikie kama hakimu. Mimi nilimwambia mtu mmoja. Na wewe ulimwambia mtu mmoja, tena uliyeapa ni wewe, si mimi. Mimi nilisukumwa na hasira. Wewe ulisukumwa na nini? Na furaha? Ulikuwa umeshiba ukatoa cha mwenzio ugawe.

Nililia arusini kwa sababu nilijua hurudi. Nilijua, ila nilitaka uniambie.

Nimekwenda Ilafy kwa Bi Raivo mara mbili. Hafungui.

Onja


Stesheni ya Ambinanikely
9 Oktoba 1988

Mama Raivo,

Naomba usome mpaka mwisho hata kama utachoma baadaye.

Sikulazimishwa na mtu. Nilimwandikia rafiki yangu habari za Fidy nikiwa nimekaa barazani, nimeshiba, nimependwa, nikiona kwamba kila siri ikitoka kinywani mwangu itageuka kuwa jambo jema. Nilikuwa nimeapa kwa kaburi la bibi yangu. Nilikikumbuka kiapo nilipokuwa naandika, hata nilikitaja, nikakiruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Rafiki yangu ana kosa lake, na nilimkasirikia wiki nzima kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujikasirikia. Yeye nilimdanganya kwanza. Wewe nilikudanganya zaidi, kwa kuwa ulidhani nikipiga magoti nimefunga na mdomo.

Ninajua Fidy alipoteza mahali pake kwa maneno machache aliyosema akiwa na furaha ya pombe. Mimi nimempotezea mahali pake mara ya pili, nikiwa na furaha yangu. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Mama, safari hii sikusema nyuma ya mgongo wako, ila kwa mtu mmoja, na ninakuambia hapa nilimwambia: mume wangu. Nilimpa barua yako aisome kwa sababu alikuwa anagonga kengele na mimi sitoki. Aliisoma amesimama. Nilingoja anibembeleze. Akasema, "Kumbe una mdomo, mke wangu," akavua kofia akatoka. Nikadhani amekwenda kwa mama yake. Baadaye nikasikia vyuma vinagongana, nikatoka, nikamkuta amefungua stoo ya taa, ile wanakoweka taa za ishara na bendera, anavitoa vyote nje.

Nyumba yetu imejengwa kufuata reli, haina kona iliyonyooka na dunia. Lakini Tolotra alisimama uani jua linachomoza, akanyoosha mkono, na kaskazini mashariki ya nyumba hii, hata ukiizungusha vipi, inaangukia kwenye hiyo stoo ya taa. Nilipima. Sikutumia utepe. Nilichukua mkeka uliotusukia, kwa sababu uliniambia siku ile ya kupima kwamba unasuka mikeka yote kwa kipimo kimoja, kipimo cha mwanao. Mkeka uliingia, na kila upande pakabaki zaidi kidogo ya kiganja. Nilipiga magoti nikauacha hapohapo. Sisi sasa tunakaa kwenye mbao tupu, na ndivyo inavyotustahili.

Chokaa amepaka yeye mwenyewe. Hapana dirisha, lakini mlango unaelekea magharibi kama mila inavyotaka, hilo sikulipanga mimi, wala waliojenga. Treni zikipita ukuta unatetemeka kidogo. Nikamwambia Tolotra, labda Mama hatapenda mtikisiko. Akasema mtu aliyezoea meli hatausikia. Halafu akaniuliza, "Huyo Fidy alikuwa anakunywa nini, nimwekee?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi kamuulize mama yake."

Sisemi unipe kifurushi. Sina haki hata ya kukitazama. Unaweza kuja nacho mwenyewe, ukalala humu siku utakazo, ukaondoka nacho ukipata mahali pema zaidi. Unaweza kunifukuza. Kama kuna ndugu mwingine, au kilima kingine, unachokitaka, nitakibeba mpaka huko nikitembea nyuma yako na sitauliza njia. Ninachojua ni kwamba tarehe mosi wanachimba, na sitaki siku hiyo ikukute umesimama nje ya ua wako peke yako, umemkumbatia mwanao.

Onja ameniandikia kwamba alikuja kwako mara mbili. Ukimwona mara ya tatu, usimfungulie kwa ajili yangu. Lakini jua kwamba amekuja.

Ninapanda treni Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, na Tolotra ameomba ruhusa tuje wote. Mama Soza atatuangalizia kuku, na amenikataza kumwambia ninakwenda kufanya nini, maana anasema nimeshasema vya kutosha. Usiponifungulia nitakaa nje, upande wa magharibi, pale nilipochora mlango wako katika ile michoro saba, nikungoje utoke kwenda kuchota maji. Unitukane utakavyo. Utakaponitajia kinywaji cha Fidy nitajua la kufanya. Nitakuja, Mama. Kabla mwezi haujaisha nitakuwa mlangoni pako.

Harivelo